Mashine kuukuu ya mama na waya usio na maana

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii tunaifundisha madarasani mwaka baada ya mwaka. Wanafunzi huipamba katika insha zao na kupata alama, kisha mwalimu na mwanafunzi hurudi nyumbani na kukitupa jaani kila chombo kilichogoma kufanya kazi. Mimi ninayeyaandika haya ni mmoja wao. Nimesomesha isimu chuo kikuu kwa miaka mingi, nina shahada ya uzamifu, nami naweza kukueleza silabi za neno "mashine" na njia liliyopitia hata likafika kwetu. Lakini hadi Desemba iliyopita sikuwa nimewahi kufungua mashine yoyote nikatazama ndani.

Mashine ninayotaka kuisimulia ni ya kufulia nguo, na iko nyumbani kwa mama yangu huko Likoni. Ni ya aina ya mapipa mawili, moja la kufulia na la pili la kukamulia, aina iliyoenea sana Uingereza katika miaka ya 1960. Marehemu baba aliinunua mnadani mwaka 1974 kutoka kwa familia ya Kiingereza iliyokuwa ikifunga virago. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini nilipopata fahamu niliikuta ikinguruma uani kila Jumamosi, na mama akisimama kando yake kama nahodha kwenye usukani. Sisi tulikuwa watoto saba, na maji yetu yalikuwa ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, maji mazito yasiyotoa povu hata ukimaliza kipande kizima cha sabuni. Mwaka 1991 mashine ilinyamaza. Mafundi wawili waliitazama, wakatikisa vichwa na kwenda zao. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 30, ilikuwa ni ghala la makaa na ndoo kuukuu, naye mama akarejea kwenye karai.

Desemba iliyopita nilipokwenda kumsabahi nilimkuta akijaribu kukamua shuka. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, na shuka ile ilikuwa ikichuruzika maji kama haijaguswa. Nilimwambia, "Mama, nitakununulia mashine mpya." Akanijibu bila kuinua macho, "Mpya sitaijua, mwanangu. Ile yangu naijua." Jibu hilo ndilo lililonipeleka kwa fundi.

Fundi mwenyewe ni kijana wa miaka 24, mwenye kibanda cha mabati si mbali na barabara iendayo feri. Sitamtaja jina, maana hakuniomba nimtangaze. Alifika uani, akamwamkia mama, akaizunguka mashine mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe, kisha akaushika mhimili wa mota na kuuzungusha kwa vidole. Ukasogea kidogo. "Hii haijafa, Mwalimu," akasema, "imelala tu."

Naomba msomaji anivumilie nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo hoja yangu. Pipa la kufulia lina pangaboi kubwa upande mmoja, na hilo huzungushwa na mota kwa njia ya mkanda wa mpira. Pipa la kukamulia lina mota yake, nayo huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, hivyo maji yakarushwa nje kupitia matundu ya pipa na nguo zikabaki zimebana ukutani. Mota za namna hii haziwezi kuanza zenyewe. Huhitaji kapasita, yaani kifaa chenye umbo la kopo kinachoweka chaji ya umeme na kuipa mota msukumo wa kwanza. Kijana alinieleza kwa maneno yake: "Hii ndiyo inayoipa mota kiherehere cha kuanza. Ikifa, mota yavuma papo hapo kama nyuki kwenye chupa, wala haiendi." Nimesoma vitabu vingi vya taaluma, na ni nadra kukuta ufafanuzi unaokaa moyoni kwa wepesi huo.

Kabla ya kuigusa kapasita hiyo alihakikisha kwamba mashine haikuunganishwa na umeme, kisha akaigusisha miguu yake miwili kwenye kinza umeme alichokuwa nacho, kwa sababu kapasita yaweza kuhifadhi chaji hata baada ya kuchomolewa na kumrusha mtu. Alitafuta nyingine yenye kipimo kile kile cha maikrofaradi, na yenye uwezo wa volti usiopungua ule wa kwanza. Kutu alikisugua kwa brashi ya waya na msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu kisha rangi nyeupe juu yake. Ndani ya bomba na pipa tulikuta tabaka nene la chokaa, zawadi ya kisima chetu. Hilo lililainishwa kwa siki iliyoachwa usiku kucha, maana asidi hula chokaa. Vichwa vya swichi ya saa vilikuwa vimeota ukungu wa kijani wa shaba, akavisafisha kimoja kimoja. Mkanda ndio uliotutesa. Nilivuka feri mara tatu, nikafika Kisauni, nikafika Changamwe, na mwishowe nikaupata Changamwe kwa mzee mmoja auzaye vyuma vikuukuu, mkanda uliotolewa kwenye mashine nyingine kabisa lakini wenye urefu na upana ule ule.

Siku ya nne, tulipokuwa tukipumzika kwa kahawa, nilimwuliza kijana alisomea wapi. Alicheka. Alimaliza kidato cha nne, akapata alama ya D katika somo la fizikia. "Mtihani uliniuliza kuhusu kapasita, Mwalimu. Kwa Kiingereza. Nikaliacha swali wazi." Wakati huo alikuwa ameishika kapasita mkononi.

Ndugu msomaji, hapa ningeweza kuikatiza hadithi na kuhitimisha kwa wepesi kwamba shule zetu hazifai na kibanda cha mabati ndicho chuo kikuu cha kweli. Wapo wanaoandika hivyo, na husomwa kwa furaha. Lakini ningekuwa nimekudanganya, kwani siku ya tano lilitokea jambo lililonifunga mdomo.

Kijana alikuwa anabadilisha waya mkuu uliooza. Katika waya wa zamani wa Kiingereza, uliotumika hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, nyuzi zilikuwa tatu: nyekundu, nyeusi na ya kijani. Katika waya wa leo ni ya kahawia, ya buluu, na ile yenye mistari ya kijani na manjano. Aliunganisha ya kahawia panapostahili, akaunganisha ya buluu panapostahili, kisha akachukua koleo na kuikata ile ya tatu karibu na mzizi wake. Nilimwuliza, "Mbona huu umeukata?" Akanijibu kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake: "Huo ni wa ethi, Mwalimu. Mashine yaenda bila huo."

Alisema kweli. Mashine huenda bila huo, na humo ndimo mna hatari. Mwili wa mashine ile ni wa bati. Umeme wetu ni wa volti 240. Siku waya wenye moto utakapochubuka na kugusa bati, umeme utatafuta njia ya kufika ardhini. Ukiwapo ule wa kijani, utapita humo kwa kishindo na fyuzi itakatika mara moja. Usipokuwapo, bati zima litasubiri na moto wake, na njia itakayopatikana ni mwanamke mzee aliyesimama peku juu ya saruji yenye maji, mkono wake ukiwa juu ya mashine anayoijua.

Nilimweleza hivyo hivyo, kwa Kiswahili, nikichora kwa kijiti mchangani. Elimu hiyo niliipata shuleni, katika somo la fizikia nililolidharau kwa sababu nilipenda lugha. Alisikiliza hadi mwisho, akaitazama ile ncha iliyokatwa. Kisha akasema polepole, "Kumbe ethi ni ardhi." Akanyamaza kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole: jokofu la jirani, mashine mbili za kufulia, pampu ya kisima cha msikiti.

Nimeishi na isimu kwa zaidi ya miaka 20, nami sijawahi kuona waziwazi namna hiyo jinsi neno linavyoweza kubeba uhai wa mtu. "Ethi" kwake ilikuwa ni sauti tu. Aliipokea kutoka kwa fundi aliyemfunza, ambaye naye aliipokea kutoka kwa mwingine aliyeisikia labda kwenye karakana fulani miaka mingi nyuma. Katika safari hiyo yote neno lilifika salama, lakini maana iliachwa njiani. Lau wa kwanza angeliuita "waya wa ardhi", jina lenyewe lingemwuliza kila kijana: Kwa nini ardhi? Umeme una haja gani na ardhi? Na swali likishazaliwa, jibu halikosi kutafutwa. Wapwani husema kwamba asojua maana haambiwi maana. Mimi naongeza kwamba asiyeambiwa maana hawezi kuijua.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba maneno ya kukopa yafukuzwe, la hasha. Katika sanduku la vyombo la kijana yule mna historia nzima ya Bahari ya Hindi. Parafujo ni neno la Wareno. Msumari ni wa Waarabu, na ndivyo ilivyo sabuni tuliyofulia. Dobi, ambaye mashine hii ilikusudiwa kumpumzisha, alitufikia kutoka Bara Hindi, na karakana ni neno lenye asili ya Kiajemi. Spana, nati na waya ni za Kiingereza. Hata "stima" tunayoililia inapokatika ni mvuke wa Waingereza uliogeuka kuwa umeme vinywani mwetu. Hakuna fundi aliyewahi kudhurika kwa sababu parafujo ni ya Kireno, maana parafujo unaiona, unaizungusha, na kazi yake inajieleza mkononi. Kinachohitaji maelezo ni kile kisichoonekana: chaji iliyojificha, umeme unaotafuta njia, asidi inayokula chokaa. Vitu vya namna hiyo haviwezi kujulikana kwa kushikwa tu. Lazima vielezwe kwa lugha ambayo msikilizaji anafikiri kwayo.

Na hapa ndipo sisi wasomi wa lugha tunapostahili lawama. Mkutano wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa. Tangu kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930 hadi leo, istilahi za sayansi zimebuniwa kwa maelfu, zikachapishwa katika vitabu vizuri vilivyopangwa vizuri kwenye maktaba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini kutoka maktaba hadi kwenye kibanda cha mabati hakuna feri. Mwanaisimu hunung'unika kwamba fundi anasema "kutengeza" badala ya "kutengeneza", akasahau kumwuliza anachokitengeneza na kama anajua kinavyoua. Fundi naye ana maelezo kama yale ya nyuki kwenye chupa, ambayo hakuna kamati iliyowahi kuyaandika.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulikusudiwa kumpa mwanafunzi kazi za mikono. Sote tunajua yaliyotukia: vyombo havikuwapo katika shule nyingi, mtihani ukageuka kuwa ndiyo elimu yenyewe, na mtoto akakariri majina ya randa na patasi ambazo hajawahi kuzishika. Sasa tuna mtaala wa umilisi, na tangu mwaka 2023 wanafunzi wa sekondari msingi wana somo la awali la kiufundi. Nia ni njema. Lakini ikiwa mwalimu atasimama mbele ya darasa na kuimlisha fasili ya kapasita kwa Kiingereza ili ikaririwe, tutakuwa tumebadilisha jina la mfumo na kubaki na ile ile D ya kijana wa Likoni. Elimu bila amali, walisema wazee, ni kama nta bila asali. Siku ile ya tano nilijifunza pia kwamba amali bila elimu huweza kuwa asali yenye sumu.

Mji wetu si mgeni wa jambo hili. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013 kina mizizi yake katika ile taasisi ya MIOME iliyowafundisha ufundi vijana wa Kiislamu katikati ya karne iliyopita. Hata umeme wenyewe, kwa mujibu wa historia inayosimuliwa na kampuni ya Kenya Power, ulifika Mombasa kwa njia ya mtambo uliokwisha kutumika kwingine: jenereta ambayo Sultani Barghash wa Unguja aliinunua mwaka 1875 ili kuangaza kasri lake, ikachukuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa hapa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikawa chanzo cha kampuni ya umeme ya Mombasa. Kwa maneno mengine, taa za kwanza za mji huu ziliwashwa kwa mtumba. Anayedharau chombo kikuukuu na aikumbuke jenereta hiyo.

Na dunia imeanza kurejea huko. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwalazimu wauzaji waonyeshe alama ya jinsi baadhi ya vyombo, zikiwamo mashine za kufulia, vinavyoweza kutengenezwa vikiharibika. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kumpa mnunuzi haki ya kutengenezewa chombo chake. Kwetu, sheria ya mwaka 2022 kuhusu udhibiti wa taka imeanza kuwatwika watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao zinapogeuka takataka. Wenzetu wanahitaji sheria ili warudishe ufundi uliokufa. Ufundi wetu ungali hai, katika kila mtaa wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Kinachokosekana kwetu ni maelezo ya kuufuatia.

Yupo atakayeniambia kwamba nauli za feri, siku za fundi na vipuri vyote hivyo vilikaribia nusu ya bei ya mashine mpya. Ni kweli, nami sidai kwamba kila kikuukuu kifufuliwe. Bati likiliwa na kutu hadi likatoboka, au kinga ya waya ikisagika mikononi kama biskuti, chombo hicho kiache kipumzike. Lakini uamuzi huo nao unahitaji ujuzi. Anayetupa bila kujua na anayetengeneza bila kujua ni ndugu wawili.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu jambo moja ambalo halihitaji waraka wa wizara. Muhula ujao, tafuteni chombo kilichokufa, iwe ni pasi, redio au feni, mkiweke mezani darasani kikiwa kimechomolewa. Mwalikeni fundi wa mtaani aje akifungue. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wakae pamoja. Kila kinachotolewa kiulizwe maswali matatu: Fundi anakiitaje? Kitabu kinakiitaje? Kisipokuwapo, kutatokea nini? Mwanafunzi aandike majibu kwa Kiswahili kinachoeleweka, na fundi aondoke na nakala. Somo hilo litampa mwanafunzi insha, litampa fundi maana, na huenda likampa mwanaisimu istilahi moja mbili zenye roho. Nanyi wanafunzi, mkutanapo na jina msilolielewa katika kitabu cha sayansi, msione haya kuuliza maana yake kwa lugha ya nyumbani. Aliyeiona haya ethi, aliukata.

Mashine ya mama inanguruma tena. Kabla ya kuiwasha tulimwita fundi wa umeme mwenye leseni aipime nyumba, naye akagundua kwamba hata ile fimbo ya ardhi iliyochomekwa nje ya ukuta ilikuwa imelika kwa chumvi ya udongo wetu. Ikawekwa mpya. Waya wa kijani na manjano umefungwa kwenye bati kwa parafujo, na mama ameonyeshwa ulipo. Jumamosi ya kwanza alitoa shuka kwenye pipa la kukamulia, akaliminya kwa vidole vyake vilivyopinda, halikutoa hata tone. Hakusema kitu. Alilikunjua, akalianika.

Kijana naye hakuwapo siku hiyo. Alikuwa amebeba koleo, bisibisi na mviringo wa waya mpya, anapita nyumba hadi nyumba alizowahi kufanya kazi, kuanzia ile yenye jokofu. Kazi hiyo, aliniambia, hatamtoza mtu hata senti.